Sokwe wa Gombe, Kima wa Maabara na Askari wa Dar es Salaam

Msomaji aliyepata kupita Kariakoo alfajiri, wakati wachuuzi wa Mtaa wa Kongo wanapotandaza maturubai yao na mahamali wanapopishana na mikokoteni huku wakiomba njia kwa ukali, huenda asikumbuke ya kuwa jina la mahali hapo lilitokana na watu waliochukuliwa bila ya kuulizwa. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, walikifanya kiwanja hicho kambi ya wapagazi wa jeshi lao, na kikosi hicho, kilichoitwa kwa lugha yao Carrier Corps, wenyeji wakakitamka kwa namna iliyowaelekea ndimi zao. Akthari ya wapagazi hao walikusanywa vijijini kwao, wakatwikwa risasi na magunia ya posho, wakapelekwa wasikokujua. Na waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na adui. Mwili wa mtu ulikuwa chombo cha dola, na ridhaa yake haikuandikwa katika daftari lolote.

Kutoka sokoni hapo hadi Muhimbili si safari ya kutajwa. Ukishika Mtaa wa Msimbazi hadi Faya, ukavuka Barabara ya Morogoro na kuifuata ya Umoja wa Mataifa, unafika kwa miguu kabla jua halijakuchosha, na mbele yako ni hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na ambayo baada ya uhuru ikalirudia jina la mahali pake. Humo, mwezi wa Februari mwaka 2007, watu wengine wa mji huo huo, askari polisi, walianza kuitoa miili yao kwa kazi ya umma, lakini hawa waliulizwa kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa kujaribu chanjo ya UKIMWI. Baina ya mpagazi wa mwaka 1916 na askari wa mwaka 2007 imepita historia ndefu ambayo watendaji wake wengi ni wanyama, na nia yangu ni kuisimulia historia hiyo kwa taratibu, kwa sababu ina fundisho moja ambalo wataalamu wenyewe walilipata kwa gharama kubwa: ya kuwa mnyama wa maabara ni shahidi, na shahidi hujibu lile aliloulizwa tu, hata kama hakimu alitaka kusikia jingine.

Lugha yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Chanjo ni neno lililotoka katika kuchanja, yaani kuipasua ngozi kidogo kwa kisu au wembe, na kinga ya ndui iliyotufikia katika karne ya 19 ilikuwa maji ya malengelenge ya ng'ombe yaliyotiwa katika mchanjo wa mkono. Kwa hiyo tangu mwanzo wa elimu hiyo mnyama alikuwamo ndani yake, wala hapakuwa na aliyeona ajabu mtu kukingwa kwa maradhi ya zizini. Walakini ndui ilikuwa maradhi ya wazi, yenye kuacha makovu usoni, na aliyenusurika nayo hakuipata tena. Ilhali maradhi yaliyoonekana katika Mkoa wa Kagera mwaka 1983 hayakuwa na aliyenusurika wa kutazamwa. Watu wa huko wakayaita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizopendwa wakati huo. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, yakaitwa slim, kwa jinsi yalivyomkondesha mtu. Na yalipofika vijiweni Dar es Salaam yakapewa majina ya mzaha wenye hofu, mtu akasemwa amekanyaga miwaya. Kufikia mwaka 1986 hapakuwa na mkoa wa Tanzania Bara ambao haukuwa na mgonjwa, na mwaka huo huo matabibu wa Muhimbili na wenzao wa Sweden wakafunga mkataba wa utafiti uliojulikana kwa jina la TANSWED, ambao Profesa Fred Mhalu kwa upande wa Dar es Salaam, na Profesa Gunnel Biberfeld kwa upande wa Stockholm, walikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Sasa ikiwa chanjo itatengenezwa, nani ataionja kwanza? Kumchanja mtu kisha kumtia kirusi kwa makusudi, ili ionekane kama atapona, ni jambo lisilokubalika katika dini wala sheria yoyote, maadamu maradhi hayo yaliua na dawa haikuwapo. Ikabidi atafutwe mnyama. Panya mweupe, ambaye ni mtumishi wa maabara zote duniani, hakufaa, kwa kuwa kirusi cha binadamu hakikuweza hata kuingia katika chembe zake. Angeweza kuonyesha kama chanjo inaiamsha kinga ya mwili, asiweze kuonyesha kama kinga hiyo yazuia lolote. Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani wakamwendea sokwe, jamaa wa karibu kabisa wa binadamu, wakamtia damu ya wagonjwa, na kirusi kikakubali kukaa mwilini mwake.

Furaha hiyo haikudumu. Sokwe zaidi ya 100 walitiwa kirusi katika miaka iliyofuata, nao wakaendelea kula, kurukaruka na kuzeeka katika vizimba vyao, isipokuwa wachache mno waliodhoofika baada ya miaka mingi. Hali kadhalika sokwe ni mnyama adimu, mwenye gharama, na kila anayemtazama machoni huondoka na wasiwasi moyoni. Ikaandikwa vitabuni, na kurudiwa madarasani kwa muda wa miaka 25, ya kwamba baina ya sokwe na kirusi cha namna hii pana suluhu ya kale, na kwamba sokwe hawaugui UKIMWI. Msomaji na aiweke kauli hiyo akilini, kwa maana tutairudia tutakapofika Kigoma.

Wakati hayo yakitendeka, mwaka 1985, katika kituo cha utafiti huko New England, palionekana kima wa Bara Hindi, wa jamii iitwayo rhesus, waliokuwa wakifa kwa maradhi yanayofanana mno na UKIMWI. Kirusi kilichowaua kilipofuatiliwa nasaba yake, kikaonekana kuwa kilitoka kwa kima wa Afrika Magharibi waitwao mangabey, waliowekwa pamoja nao katika vituo vya Marekani. Hapo ndipo ilipodhihiri siri ya ajabu: mangabey mwenye kirusi hicho alikuwa mzima, kama vile tumbili wetu wa Afrika Mashariki, yule mwizi wa mahindi na maembe, alivyo na kirusi chake cha asili asisikie hata homa, ilhali kima wa Asia, ambaye mababu zake hawakupata kukutana nacho, alikiugua kikamuua. Kile ambacho kwa mwenyeji ni mgeni aliyezoeleka, kwa jirani kilikuwa msiba.

Basi kima wa Asia akawa shahidi mkuu. Walakini alikuwa na kasoro moja: aliugua kirusi chake, hakuugua cha binadamu. Sababu yake haikufahamika mpaka mwaka 2004, ilipogunduliwa protini iitwayo TRIM5 alfa, ambayo katika chembe za kima hukivamia kirusi cha binadamu mara tu kiingiapo na kukivunja gamba kabla hakijafanya lolote. Lakini hata kabla ya kuijua sababu, mafundi walikwisha kuuzunguka ukuta huo: mwaka 1992 walitengeneza kirusi chotara, kiwiliwili chake cha kima na joho lake la nje la binadamu, wakakiita SHIV. Kwa chotara huyo chanjo iliyokusudiwa kulishambulia joho la kirusi cha binadamu iliweza kupimwa ndani ya mwili wa kima.

Hapa yafaa nieleze mambo mawili yaliyowaadhiri wataalamu, kwani historia isiyotaja aibu zake ni sifa tupu. La kwanza lilitokea Uingereza mwaka 1991. Maabara kadhaa zilikuwa zimetangaza ya kwamba kima waliochanjwa kwa kirusi kilichouawa walikingika, na nyoyo za watu zikapanda. Ndipo James Stott na wenzake walipowatazama kima wa upande wa pili, wale waliodungwa chembe za binadamu zisizo na kirusi ndani yake, wakakuta ya kuwa baadhi yao nao wamekingika. Kumbe kirusi kilichotumika kuwachanja na kirusi kilichotumika kuwajaribu vyote viwili vilioteshwa katika chembe za binadamu, vikatoka vimevaa vipande vya chembe hizo mithili ya mtu atokaye kinuni na unga nguoni. Na kinga ya kima ilikuwa ikiupiga unga, haikumjua aliyeuvaa. La pili ni la kirusi hai kilichodhoofishwa. Mwaka 1992 Ronald Desrosiers alikinyofoa kirusi cha kima jeni moja iitwayo nef, akawachanja kima wazima, wakakingika kuliko chanjo yoyote iliyotangulia. Na wapo waliotaka jambo hilo liletwe kwa binadamu upesi. Miaka mitatu baadaye Ruth Ruprecht akaonyesha ya kuwa kima wachanga waliopewa kirusi dhaifu cha namna hiyo, hata kilichopunguzwa zaidi, waliugua UKIMWI. Mlango huo ukafungwa, na ni heri ulifungwa na vifo vya kima kabla haujafunguliwa kwa watoto wa watu.

Baada ya hayo ikashikwa njia ya tatu, nayo ndiyo iliyoishia Muhimbili. Badala ya kumpa mtu kirusi, kiwe kimekufa au kimedhoofika, apewe habari zake tu: kwanza jeni zake chache zilizoandikwa katika duara dogo la DNA, ili mwili uisome sura ya adui, kisha, baada ya miezi, jeni hizo hizo zikiwa zimepakiwa ndani ya kirusi kingine kisicho na madhara, ili kumbukumbu hiyo iamshwe kwa kishindo. Kirusi cha kupakia kiliitwa MVA, na nasaba yake yastahili kusimuliwa. Ilikuwa chanjo ya ndui iliyotoka Ankara, mji mkuu wa Uturuki. Anton Mayr wa Ujerumani akaipitisha katika chembe za viinitete vya kuku zaidi ya mara 570, kizazi baada ya kizazi, hata ikasahau kabisa namna ya kuzaana ndani ya mwili wa binadamu. Na katika miaka ya 1970 watu wapatao 120,000 wa Ujerumani wakachanjwa kwayo kwa salama. Anunuaye jogoo katika tenga pale Kisutu hafikirii ya kuwa ukoo wa ndege huyo ndio uliomfuga na kumtia adabu mdudu wa chanjo ya ndui.

Mwaka 2001 Harriet Robinson na Rama Amara, huko Atlanta, walitangaza ya kuwa kima waliopewa DNA kisha MVA, walipotiwa chotara mkali aitwaye SHIV 89.6P, hawakuugua, ijapokuwa waliambukizwa. Na mwaka uliofuata kampuni ya Merck ikapata matokeo kama hayo kwa chanjo iliyopakiwa katika kirusi cha mafua kiitwacho Ad5. Dunia ikasadiki. Lakini chotara huyo, kwa ukali wake wote wa kuteketeza chembe za kinga kwa wiki chache, alikuwa adui mwepesi kuzuiwa na kinga iliyokwisha kutayarishwa. Na kima waliochanjwa kwa Ad5 walipojaribiwa mwaka 2005 kwa kirusi halisi cha kima, kilicho kigumu kama kile cha watu, kinga yao ilikuwa haba na ya muda. Shahidi alikuwa amekwisha kusema mara ya pili, kwa sauti ndogo, ila kesi ilikwisha kupelekwa mbele. Septemba 2007 majaribio ya Merck kwa watu wapatao 3,000 yalisimamishwa: chanjo haikuzuia kitu, na kwa baadhi ya wanaume ilielekea kuwazidishia hatari.

Habari hizo ziliwakuta watu wa Dar es Salaam katikati ya kazi yao. Jaribio la hapa, lililoitwa HIVIS03, lilitumia DNA iliyobuniwa katika taasisi ya Karolinska, Stockholm, katika maabara ya Britta Wahren, ikiwa na jeni za kirusi za makundi A, B na C, na MVA iliyotengenezwa Marekani kwa kufuata kirusi cha Chiang Mai, Thailand. Kabla ya hapo chanjo za mpango huo zilikwisha kujaribiwa kwa panya, njia ya DNA na MVA ikajaribiwa kwa kima huko Sweden, kisha zikajaribiwa kwa Waswidi wenyewe. Waliojitolea Dar es Salaam walikuwa 60, na walitafutwa miongoni mwa askari polisi, ambao afya yao ilikuwa ikifuatiliwa na Muhimbili tangu katikati ya miaka ya 1990. Wakuu wa jaribio walikuwa matabibu wa hapa, Muhammad Bakari, Eligius Lyamuya, Kisali Pallangyo na wenzao, wakishirikiana na Eric Sandström wa Stockholm.

Chanjo ya DNA haikutiwa kwa sindano. Ilitiwa kwa chombo kinachosukumwa na gesi iliyoshindiliwa, kinachobanwa juu ya ngozi ya mkono, kikalia kwa mlio mfupi mkavu, na dawa ikawa imekwisha kupenya kabla mtu hajakunja uso. Baadhi walipewa miligramu 1 ndani ya ngozi, baadhi miligramu 3.8 ndani ya msuli, na wengine walipewa dawa tupu isiyo na chanjo, wala hapana aliyeambiwa amepata ipi. Walirudi mwezi wa kwanza na wa tatu kwa DNA, kisha mwezi wa 9 na wa 21 kwa MVA. Damu yao ilipopimwa baada ya MVA ya kwanza, wote 35 waliochanjwa na kupimwa walikuwa na chembe zilizoitambua sehemu ya kiini cha kirusi, na 31 kati yao zilizolitambua joho lake. Na dozi ile ndogo ya ngozini ilifanya kazi kama ile kubwa ya msulini, jambo ambalo kwa nchi maskini si dogo.

Lakini yaliyomo katika mishipa yao ni nusu tu ya habari. Wataalamu wa Muhimbili waliwahoji askari juu ya sababu za kukubali na za kukataa, na majibu yao hayawezi kupatikana kwa kima yeyote. Wapo waliosema wamezika jamaa wengi mno hata hawawezi kukaa kimya. Wapo walioogopa ya kuwa chanjo yenyewe itawaambukiza, wakaelezwa ya kuwa ndani yake hamna kirusi kizima. Wapo walioombwa na wake au wazazi wao wasijitie, na waliochekwa na wenzao kazini. Fauka ya hayo palikuwa na jambo la kuahirisha uzazi kwa muda wa jaribio, na jambo la damu yao kuweza kusomeka kama ya mwathirika katika kipimo cha kawaida, kwa ajili ya kingamwili za chanjo, ingawa hawana maradhi. Katika hati ya ridhaa ya majaribio ya namna hii huandikwa ya kuwa mtu aweza kujitoa siku yoyote, bila ya kutoa sababu wala kupoteza haki yake ya matibabu.

Na sasa tupande gari moshi. Reli ya Kati, inayoanzia Stesheni, jirani na Kariakoo, ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya kilomita zipatazo 1,250. Na ukichukua mashua kutoka Kigoma kuelekea kaskazini, ziwani Tanganyika, unafika Gombe, ambako Jane Goodall alitia nanga Julai 1960. Sokwe wa huko hawafungwi wala hawadungwi. Beatrice Hahn na wenzake walipotaka kujua kama wana kirusi chao cha asili, waliomba msaada wa wafuatiliaji wa Gombe, Watanzania wanaomjua kila sokwe kwa jina na kwa mama yake. Hao huamka gizani, wakaenda kukaa chini ya mti ambao sokwe alilala, wakangoja. Kunapopambazuka, sokwe, kama ilivyo desturi yake, hukojoa na kunya kabla hajaondoka. Nao huokota kinyesi kidogo, wakakitia katika kichupa chenye maji ya kuhifadhia, wakaandika jina, siku na saa.

Kwa vichupa hivyo, mwaka 2002 ikathibiti ya kuwa kirusi kimo Gombe. Na mwaka 2009, baada ya kuwafuatilia sokwe 94 kwa muda wa miaka 9, ikatangazwa kauli iliyoifuta ile ya vitabuni. Sokwe mwenye kirusi alikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko mwenzake wa umri ule ule asiye nacho. Majike wenye kirusi walizaa kwa nadra, na watoto wao hawakuishi. Na mizoga michache iliyopasuliwa ilikutwa imepungukiwa na chembe zile zile ambazo UKIMWI huziteketeza kwa binadamu. Sokwe huugua. Wale wa vizimbani hawakusema uwongo: waliulizwa juu ya kirusi cha binadamu, kisicho chao, wakajibu juu ya hicho. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ikatangaza kukomesha kabisa kuwatumia katika utafiti inaougharimia.

Njia iliyoanza Muhimbili iliendelea kwa jina la TaMoVac, Dar es Salaam, Mbeya na Maputo. Kisha, tangu mwishoni mwa mwaka 2020, kwa jina la PrEPVacc, Dar es Salaam na Mbeya pamoja na Masaka na Durban, ambapo watu 1,512 walijitolea kupimwa kama chanjo za jamii hiyo, mojawapo ikiwa na ile ile MVA ya Chiang Mai, zaweza kumkinga mtu kwa kweli. Mwishoni mwa mwaka 2023 uchanjaji ulisimamishwa, kwa kuwa hesabu zilionyesha hapana tamaa. Kinga iliyoonekana katika damu ya askari wetu, kama ile iliyoonekana katika kima wa Atlanta, ilikuwa kweli. Bali haikuwa jibu la swali la kuambukizwa au kutoambukizwa, na swali hilo hapana wa kulijibu ila watu wengi, wazima, wenye kuishi maisha yao ya kila siku.

Kwa hiyo chanjo haipo hata leo, na aulizaye Mtaa wa Kongo hana wa kumjibu zaidi ya hivyo. Lakini nikipita hapo husita kwenye lile jina, kwa kuwa wapagazi walioliacha walichukuliwa tu, na hawa wa Muhimbili waliulizwa, wakapewa kalamu, na waliokataa wakaenda zao. Na huko Gombe, mwisho wa reli, elimu iliyokosewa kwa miaka 25 na wenye vizimba ilipatikana kwa watu waliokaa kimya chini ya mti, na kichupa mkononi, wakingoja sokwe aamke mwenyewe.